Springla Zinazokula Maji: Mwongozo Kamili wa Kunyunyizia Nyasi Nairobi kwa Kipimo

"Fundi, niliweka springla ili bili ishuke. Mbona imepanda?"

Swali hilo nimeulizwa Lang'ata, South C, Lavington na Kitisuru, na kila nikifika nakuta jambo lilelile. Springla zilinunuliwa kwanza, habari za presha na udongo zikaja baadaye au hazikuja kabisa. Nyasi zimestawi kuzunguka kila springla na kukauka katikati. Mwenye nyumba anaongeza dakika kwenye taima ili pale pakavu papate maji, na yanayozidi yanateremka juu ya kabro hadi mtaroni.

Maji hayo yametoka bwawa la Ndakaini kule Murang'a, yakasafishwa Ng'ethu, yakasafiri hadi matangi ya Gigiri, ndipo yakaja kwa zamu katika mtaa wako. Wapo majirani wanaoyasubiri na mitungi. Kuyaona yakitiririka barabarani saa saba mchana kunaniuma, na ndiyo sababu nimeandika hatua hizi kwa urefu.

Mfano nitakaoutumia ni mmoja tangu mwanzo hadi mwisho: uwanja wa mita 12 kwa 10, yaani mita mraba 120, wa mama mmoja wa Lang'ata. Badilisha tarakimu ziendane na uwanja wako. Kabla hujaendelea shika hesabu hii, maana kila kitu kinasimama juu yake: milimita 1 ya maji juu ya mita mraba 1 ni lita 1 kamili.

## Vifaa

Anza na vya kupimia. Ni vya bei nafuu na vingine unavyo nyumbani.

- Geji ya presha inayosoma hadi bar 6, yenye uzi wa kufungia kwenye mfereji
- Ndoo ya lita 20, na simu ya kuhesabia sekunde
- Mikebe 12 inayofanana, yenye kuta zilizosimama wima
- Sindano kubwa ya mililita 50 isiyo na ncha, kutoka duka la dawa
- Tepu ya kupimia, kamba, vigingi, karatasi na penseli
- Bisibisi ndefu

Hivi vingine, isipokuwa tangi na pampu utakavyovihitaji kwenye hatua ya pili, usivinunue mpaka umalize hatua ya nne:

- Tangi, na floti swichi ya kuzima pampu tangi likikauka
- Pampu na swichi yake ya presha
- Filta ya diski
- Vali za soleneidi, yaani zinazofunguliwa na taima kwa umeme, moja kwa kila zoni (kundi la springla zinazofunguka pamoja), na kisanduku cha kuzifunikia
- Springla za kuchomoza, zile zinazoinuka kutoka ardhini presha ikija, zenye kimo cha sentimita 10 au 15
- Nozeli za kuzunguka, yaani midomo ya springla inayotoa vijishipa vyembamba vya maji vinavyozunguka polepole
- Paipu nyeusi za plastiki laini za milimita 25 au 32, viungo vyake, na vipande vifupi vya paipu nyembamba inayopinda
- Vali ya kuzuia maji kurudi nyuma
- Taima na sensa ya mvua

Angalizo la dukani: kuna vali za volti 24 zinazotumia taima ya stima, na vali za volti 9 zinazotumia taima ya betri. Kwa macho zinafanana, lakini haziingiliani. Nimeona mtu akirudi Industrial Area mara tatu kwa sababu hakuna aliyemwambia hivyo. Chagua taima kwanza, kisha ununue vali inayolingana nayo.

## Hatua ya 1: Ujue udongo wako

Chimba shimo la sentimita 30 kwenye kona. Upande wa Kitisuru, Runda, Loresho na Lavington utakuta udongo mwekundu unaokunywa maji vizuri. Lang'ata, South B, South C, Imara Daima na Embakasi kwa sehemu kubwa ni ule mweusi unaopasuka kiangazi na kunata viatuni wakati wa mvua.

Udongo mweusi unadanganya. Ukiwa mkavu, maji ya mwanzo yanapotelea kwenye nyufa na unadhani unakunywa sana. Baada ya muda unavimba, nyufa zinafumba, na maji yanayofuata hayana pa kupita, yanasimama juu au yanateleza. Kwa hiyo udongo huu hupewa maji kidogokidogo na kuachwa unywe. Andika kwenye karatasi yako: mwekundu au mweusi. Utaihitaji kwenye taima.

## Hatua ya 2: Pima presha na maji kwa dakika

Hapa ndipo wengi wanapoanguka, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Nozeli ya kawaida ya kupuliza inataka presha ya takriban bar 2. Nozeli ya kuzunguka inataka karibu bar 2.8. Sasa tazama tangi lako la juu. Kila mita 10 za kimo zinatoa takriban bar 1. Tangi lililo juu ya mnara wa mita 6 linakupa bar 0.6 tu, na msuguano ndani ya paipu unakula sehemu yake. Ukifunga springla hapo, zitachomoza nusu na kububujika kama chemchemi. Hilo si kosa la springla, na kununua za bei zaidi hakutasaidia. Unahitaji pampu.

Pampu nayo usiiamini kwa maandishi ya kibandiko. Kibandiko kinasema lita nyingi kwa dakika, na pembeni kinasema mita nyingi za kimo, na mnunuzi anadhani atapata vyote viwili pamoja. Haiwezekani. Zile lita nyingi zinapatikana presha ikiwa karibu na sufuri, na kile kimo kikubwa kinapatikana maji yakiwa karibu kusimama. Unachohitaji kujua ni hiki: pampu yangu inatoa lita ngapi ikiwa kwenye bar 2.8?

Pima hivi. Kwenye bomba linalotoka pampuni funga geji, na baada ya geji uweke mfereji. Washa pampu, fungua mfereji wote, kisha uufunge polepole mpaka geji isome 2.8. Uache hapo hapo. Weka ndoo ya lita 20 chini ya mfereji na uhesabu sekunde mpaka ijae. Gawanya 1,200 kwa sekunde hizo, utapata lita kwa dakika.

Kwa yule mama wa Lang'ata ndoo ilijaa kwa sekunde 86, yaani lita 14 kwa dakika. Punguza hapo sehemu moja ya tano kwa ajili ya msuguano na uchakavu wa pampu. Zikabaki lita 11. Hiyo ndiyo bajeti yake ya maji, na kila springla atakayoweka itakula kutoka humo.

Onyo: usiunganishe pampu moja kwa moja na bomba la mtaa. Unawanyonya majirani, unavuta uchafu kutoka kwenye bomba lolote lililotoboka, na kanuni haziruhusu. Maji yaingie tangini kwanza, pampu ivute kutoka tangini. Weka ile vali ya kuzuia maji kurudi ili maji ya bustani yasije yakarudi yaliko maji ya kunywa.

Umefaulu ukiwa na namba mbili kwenye karatasi, bar na lita kwa dakika, ulizozipima kwa mkono wako.

## Hatua ya 3: Chora uwanja na upange springla

Chora kwenye karatasi ya miraba, mraba mmoja mita moja. Onyesha miti, njia, ukuta, kabro na geti.

Kanuni ya kupanga ni moja na haina mjadala: maji ya springla moja yafike kwenye mguu wa springla ya jirani. Watu huona huo ni upotevu, wanasema maji yanagongana, na wanaziachanisha ili wanunue chache. Lakini hakuna springla inayomwaga sawasawa kuanzia mguuni hadi mwisho wa mkono wake. Kinachosawazisha ni jirani yake kumwagia pale yeye anapopungukiwa. Ukiziachanisha unanunua zile duara za kahawia za katikati.

Kwenye mita 12 kwa 10, nozeli zinazofika mita 6 zinakaa tatu kwa tatu, jumla 9. Nne za kona zinageuka robo duara, nne za kingo nusu duara, moja ya katikati duara zima.

Kwa nini nasisitiza nozeli za kuzunguka? Angalia hesabu. Nozeli ya kupuliza inamwaga takriban milimita 40 kwa saa. Kwenye mita mraba 120 hiyo ni lita 4,800 kwa saa, au lita 80 kwa dakika. Hakuna pampu ndogo ya nyumbani itakayoziweza zote kwa pamoja, na hakuna udongo mweusi utakaoyanywa kwa kasi hiyo. Nozeli ya kuzunguka inamwaga karibu milimita 10 kwa saa, yaani lita 20 kwa dakika kwa uwanja wote. Tena matone yake ni makubwa, upepo hauyabebi kama ule ukungu wa nozeli ya kupuliza.

Kama tayari una springla za kupuliza, usizing'oe. Nyingi zinafunguka kichwani, unatoa nozeli ya zamani na kufunga ya kuzunguka kwenye kiwiliwili kilekile. Ila usichanganye aina mbili kwenye zoni moja, maana moja itamwaga mara nne ya nyingine kwa dakika zilezile.

Ule ukanda mwembamba wa nyasi kati ya ukuta na barabara, wenye upana chini ya mita 2, usiuwekee springla kabisa. Nusu ya maji itaishia kwenye lami. Fukia paipu za matone, zile zenye vitundu vinavyodondosha maji, sentimita 10 hadi 15 chini ya udongo, mistari ikiachana sentimita 30 hadi 45. Hizo zinaridhika na presha ya bar 1.

## Hatua ya 4: Gawa zoni kulingana na bajeti

Uwanja unataka lita 20 kwa dakika, bajeti ni lita 11. Kwa hiyo zoni mbili, zikifanya kazi kwa zamu.

Nozeli ya duara zima hapa inakula kama lita 5 kwa dakika, ya nusu 2.5, ya robo 1.25. Zoni ya kwanza tukaipa ile ya katikati na mbili za kingo: lita 10. Zoni ya pili ikapata kona nne na kingo mbili zilizobaki: lita 10. Zote ziko chini ya 11.

Sehemu iliyo kivulini mchana kutwa, chini ya mwembe au mvinje, ipe zoni yake, maana inataka maji kidogo kuliko ya juani. Maua nayo yawe na laini yake ya matone.

Sasa ndiyo nenda dukani.

## Hatua ya 5: Chimba na ulaze paipu

Mtaro wa sentimita 30 unatosha. Kwenye udongo mwekundu hakuna la ziada.

Kwenye udongo mweusi, tandika mchanga au murram laini chini na juu ya paipu, na tumia paipu inayopinda, si ile ngumu ya PVC. Udongo huo unavimba na kunywea kila msimu, na nguvu zake zinang'oa viungo. Mvujo wa chini ya ardhi unaweza kukaa miezi kabla haujaonekana. Kila springla iunganishwe kwa kipande kifupi cha paipu nyembamba, ili gari au mashine ya kukata nyasi ikiikanyaga ilegee badala ya kuvunja laini kuu.

Kichwa cha springla kilingane na uso wa udongo. Kikizidi kitakatwa na mashine. Kikizama, nyasi za Kikuyu zitakimeza, kwani hizo hutambaa na kujisuka juu ya chochote. Ndiyo sababu nilisema kimo cha sentimita 10 au 15.

Kazi ya stima ya volti 240, pampu na swichi zake, mwachie fundi wa stima mwenye leseni. Usiunge waya za pampu kwenye taima moja kwa moja, kwani taima inatoa volti 24 au 9 tu na itaungua. Njia rahisi ni ile swichi ya presha: vali ikifunguka presha inashuka, pampu inajiwasha, vali ikifunga, inajizima. Na floti swichi usiiache. Wiki ambayo zamu ya maji imeruka mtaa wenu na tangi limekauka, pampu isiyo na floti itajizungusha kavu usiku mpaka iungue.

## Hatua ya 6: Osha paipu kabla ya kufunga nozeli

Fundi akiwa na haraka huiruka hatua hii. Usimruhusu. Ndani ya paipu kuna udongo, vipande vya plastiki na mchanga. Washa kila zoni bila nozeli, uache maji yabubujike dakika mbili au tatu mpaka yatoke meupe. Kisha funga nozeli ukianza na iliyo karibu na vali, ukimalizia ya mwisho kabisa.

Maji ya kisima yana shughuli zaidi, hasa yakiwa na mchanga au kutu. Filta ifunguliwe na kuoshwa kila wiki mbili mwanzoni, mpaka ujue kasi yake ya kuchafuka.

Washa tena. Vijishipa vikizunguka taratibu na kufika mguuni mwa springla ya jirani, presha iko sawa. Ukiona ukungu, presha imezidi. Vikishindwa kufika au kuzunguka kwa kusitasita, presha haitoshi au kuna uchafu kwenye nozeli.

## Hatua ya 7: Jaribio la mikebe

Kama utafanya jambo moja tu katika mwongozo huu, lifanye hili. Hata aliye na mtambo wa zamani na hataki kununua chochote, alifanye Jumamosi hii alfajiri kukiwa hakuna upepo.

Tandaza mikebe 12 uwanjani kwa nafasi sawa: mingine karibu na springla, mingine katikati, mingine kwenye kona. Washa zoni ya kwanza dakika 30, halafu ya pili dakika 30, bila kugusa mikebe. Kisha kwa ile sindano pima maji ya kila mkebe na uandike mililita zake kwenye ramani yako.

Kwa mkebe wenye mdomo wa sentimita 10, kila mililita 8 ni kama milimita 1 ya mvua. Tuseme wastani wa mikebe yote ni mililita 40. Hiyo ni milimita 5 kwa nusu saa, kwa hiyo mtambo wako unamwaga milimita 10 kwa saa. Namba hii ndiyo utakayoipangia taima.

Sasa chukua mikebe mitatu iliyopata maji machache kuliko yote, tafuta wastani wake, ugawanye kwa wastani wa yote. Wastani wa mitatu ukiwa mililita 30, 30 kwa 40 ni 0.75. Kwa uwanja wa nyumbani, 0.7 na zaidi ni kazi nzuri.

Siku ya kwanza Lang'ata, kabla hatujagusa kitu, mikebe mitatu mikavu ilikuwa na wastani wa mililita 16 tu, wa yote 40. Hiyo ni 0.4. Ili ile kona kavu ipate milimita 10, uwanja mzima ulibidi upewe milimita 25. Nilimwonyesha mama ile mikebe ikiwa imepangwa mstari mmoja juu ya kabro, mmoja umejaa hadi nusu, mwingine maji yamefunika kitako tu. Akainama, akauinua ule mtupu, akaugeuza mkononi, akasema, "Kwa hiyo nilikuwa nanunulia maji hii kona kavu kwa kuzamisha zingine zote." Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Alikuwa akiwasha dakika 40 kila siku, pampu ikisukuma kama lita 30 kwa dakika kwa presha duni: lita 8,400 kwa wiki.

Ukipata chini ya 0.6, usiongeze dakika. Tembea uone: kuna springla iliyoinama? Imefunikwa na nyasi? Nozeli imeziba? Iko mbali mno na jirani yake? Rekebisha, urudie mikebe.

## Hatua ya 8: Panga taima

Nairobi mwezi wa Januari na Februari, jua na hewa kavu vina uwezo wa kunyonya takriban milimita 4 hadi 5 kwa siku kutoka kwenye eneo lenye maji ya kutosha. Nyasi zetu za joto, za Kikuyu, ukoka na nyingine za jamii hiyo, zinaridhika na karibu asilimia 60 ya hapo. Ni kama milimita 19 kwa wiki, weka 20. Julai, kwa baridi na mawingu yetu, 10 hadi 12 zinatosha. Kwenye mvua za masika, Machi hadi Mei, na za vuli, Oktoba hadi Desemba, wiki nyingi jibu ni sufuri.

Kwa hiyo Februari: milimita 20 kwa wiki, mara mbili, milimita 10 kila mara. Mtambo unamwaga milimita 10 kwa saa, basi kila zoni ipate dakika 60. Mita mraba 120 mara milimita 20 ni lita 2,400 kwa wiki. Linganisha na zile 8,400. Kwenye bili, ambapo uniti moja ni lita 1,000, mama alitoka uniti 8.4 kwa wiki hadi 2.4.

Mara mbili kwa wiki, si kila siku. Maji ya kila siku yanalowesha sentimita chache za juu na mizizi inabaki huko huko juu, ikingoja. Siku zamu ya maji ikikosekana, nyasi hizo ndizo za kwanza kuungua. Maji mengi kwa nafasi yanashuka, na mizizi inayafuata.

Kwa udongo mweusi usiwashe dakika 60 mfululizo. Weka dakika 20 kwa kila zoni, na uipe taima nyakati tatu za kuanza: 04:00, 04:40 na 05:20. Zoni moja ikifanya kazi nyingine inakunywa, na kufikia 06:00 kila moja imepata saa yake nzima bila hata tone kusimama juu.

Angalia vizuri hizo saa. Taima inahesabu kuanzia usiku wa manane. Saa kumi alfajiri kwenye taima ni 04:00. Mtunza bustani mmoja aliambiwa "weka saa kumi", akaweka 10:00, na springla zikawa zinafunguka saa nne asubuhi, jua likiwa limeshakaza na upepo umeanza. Alifanya alivyoagizwa. Mwandikie tarakimu zenyewe, umkabidhi karatasi.

Weka betri ya akiba kwenye taima. Stima ikipotea, nyingine zinakumbuka programu lakini zinasahau saa, na unajikuta unanyunyizia saa nane mchana bila kujua.

Siku baada ya kunyunyizia, chomeka bisibisi. Ikizama sentimita 15 bila kusukumwa kwa nguvu, maji yamefika. Ikigoma kwenye sentimita 5, gawanya dakika zako vipande zaidi kabla hujafikiria kuziongeza.

## Hatua ya 9: Sensa ya mvua

Ifunge mahali mvua inapofika wazi, ukutani juu au kwenye nguzo ya paa, si chini ya mwavuli wa mabati wala pale springla inapofikia. Taima nyingi zina kiwaya kifupi kinachounganisha sehemu mbili za sensa. Kitoe, la sivyo sensa haitafanya lolote hata ikilowa. Ijaribu kwa kikombe cha maji huku zoni ikifanya kazi. Zoni inapaswa kujizima.

Taima za intaneti zinazofuata hali ya hewa ni nzuri, ila kwangu ni kitu cha mwisho kununua. Zinahitaji uziambie mtambo unamwaga milimita ngapi kwa saa na udongo ni wa aina gani. Asiyefanya jaribio la mikebe ataziambia uongo, nazo zitaufuata uongo huo kwa uaminifu.

Mvua yenyewe ikusanye. Paa la mita mraba 100 likipata mvua ya milimita 10 linashusha karibu lita 1,000. Hata ukipoteza sehemu ya tano kwenye mifereji ya paa, umepata theluthi ya maji ya wiki nzima ya uwanja wetu. Maji ya kufulia yapeleke kwenye laini ya matone iliyofukiwa, kamwe si kwenye springla, kwa sababu matone yanayorushwa hewani yanafika puani mwa watoto.

## Hatua ya 10: Ukaguzi wa kila mwezi

Washa kila zoni dakika mbili mchana, utembee nayo. Kata nyasi zinazofunika vichwa. Osha filta. Jioni weka alama ya kalamu kwenye kimo cha maji tangini, funga maji yanayoingia, zima taima, na usichote kitu. Asubuhi kimo kikiwa kimeshuka, kuna mvujo. Angalia na floti ya tangi kama inafunga, kwani wapo wanaookoa maji kwenye nyasi na kuyamwaga kwenye bomba la kufurikia.

Mashine ya kukata ipandishe. Nyasi za Kikuyu ziache na sentimita 4 hadi 5, na usikate zaidi ya theluthi moja kwa mara moja. Zilizonyolewa hadi chini zinaacha udongo uchomwe na jua.

Na kabla ya kuongeza hata dakika moja, tumia njia niliyofundishwa na mzee anayetunza bustani Kabete. Nilikuwa nachomeka bisibisi huku na huku, akaniita: "Kijana wangu, acha kuchimba. Kanyaga, kisha ugeuke uangalie unyayo." Nyasi zenye maji huinuka nyuma yako. Zenye kiu hubaki zimelala, na rangi yake inageuka kutoka kijani kuelekea bluu ya kijivu. Unyayo ukibaki, nyunyizia alfajiri inayofuata. Ukiinuka, ruka zamu hiyo, hata kama taima inasema ni siku yake.

Zamu ya maji ikikatika kwa wiki kadhaa Januari, nyasi za Kikuyu zitageuka kahawia. Usizing'oe. Vishina vyake vilivyo chini ya udongo vinalala tu, na mvua ya kwanza ya Machi vitachipua. Maji uliyonayo yapeleke kwa miche na miti michanga kwanza.

Rudia jaribio la mikebe kila Desemba mwishoni, mvua za vuli zikiisha, kabla hujawasha taima kwa ajili ya Januari. Karatasi ya mililita za mwaka huu ibandike ndani ya mlango wa kisanduku cha taima, ili atakayefungua mwakani ajue aanzie wapi.